Kalavati la Safu ya Nne

Kwa miaka kumi na mmoja Fernand Lacharité alituandikia barua moja kila mwezi, na kwa miaka kumi na mmoja mimi ndiye niliyemjibu. Ndiyo kazi yangu. Mimi ni katibu wa manispaa ya Saint-Théotime, na ukimwondoa Yvon anayeendesha greda, manispaa haina mwajiriwa mwingine. Ninaandika mihtasari ya vikao, ninatoa vibali vya kuchoma majani, ninauza vibati vya kuvisha mbwa shingoni, na ninapokea matusi ya aliyesukumiwa theluji uani kwake pamoja na ya yule aliyeisukuma.

Barua zote za Fernand zilihusu kitu kimoja. Mbele ya shamba lake, pale barabara ya mashambani tunayoiita Safu ya Nne inaposhuka kuelekea mtoni, kijito hupita chini ya barabara ndani ya bomba la chuma lililowekwa na watu ambao sasa wote wako makaburini nyuma ya kanisa. Sakafu ya bomba hilo ilikuwa imeliwa na kutu. Kila theluji ilipoyeyuka, barabara ilibonyea juu yake kama godoro la wageni. Fernand alikuwa na ng'ombe arobaini na wanane, na lori la maziwa lilipita juu ya godoro hilo siku moja ndiyo, siku moja hapana.

Aliandika kwa kalamu ya bluu nyuma ya kurasa za kalenda ya ushirika, hivyo ukigeuza lalamiko la Machi unakutana na ndama wa Februari. Nami nilimjibu kwa karatasi yenye nembo: "Baraza limepokea barua yako na linalifanyia kazi suala hili." Kisha, Jumatatu ya kwanza ya mwezi, wakati wa maswali ya wananchi, alisimama na kofia mkononi.

"Hao wanaolifanyia kazi ni akina nani? Nitajieni mmoja tu, nimpelekee kahawa."

Conrad Beauchemin, aliyekuwa meya wetu kwa miaka kumi na sita, alifumba macho kama mtu anayesali. "Asante, Fernand. Kuna swali jingine?"

Halafu magoti ya Conrad yakachoka, akanunua nyumba ya magurudumu na kuelekea Florida. Uchaguzi ulikuwa Novemba, na fomu za wagombea zilipaswa kunifikia kabla ya saa kumi na nusu, Ijumaa ya kwanza ya Oktoba. Madiwani sita walikuwa wamerudisha zao, walewale sita. Kiti cha meya hakikuwa na mtu. Nilikuwa nimewapigia simu watu ishirini na watatu. Mmoja alisema ana mahindi ya kuvuna. Mmoja alisema ana ugonjwa wa moyo. Mmoja alisema hayupo nyumbani, na ni yeye mwenyewe aliyepokea simu.

Siku hiyo ya mwisho, saa kumi ikiwa imeshapita, Fernand akaingia na barua yake ya Oktoba. Ofisini kulikuwa na foleni ya watu watano.

"Bado mnalifanyia kazi?" aliniuliza juu ya vichwa vyao.

"Bado, Fernand."

"Conrad kaondoka, na bado mnalifanyia kazi. Sasa anayelifanyia kazi ni nani? Kiti?"

Watu wakacheka. Mbele ya foleni alikuwepo Rosaire Pinard, mfuga nguruwe wa Safu ya Pili na diwani tangu nilipoanza kazi. Rosaire ni mtu mnene, mtaratibu, ambaye huongea kana kwamba kila neno linakatwa kwenye mfuko wake.

"Kulalamika hata kuku anaweza," alisema bila kugeuka. "Mbona hugombei?"

"Ningekuwa meya mimi, kalavati lingewekwa ndani ya mwezi mmoja."

"Ungekuwa."

"Ndani ya mwezi mmoja, Rosaire! Unanisikia?"

Nikavuta droo, nikaweka fomu mezani. "Inahitaji sahihi za watu watano tu," nilisema, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni msalani.

Sijapata kuona foleni ikisaini kitu kwa haraka namna ile. Rosaire alisaini wa kwanza, kisha akawaazima wengine kalamu. Fernand, masikio yamemwiva, akajaza jina lake kwa herufi kubwa, akanitupia fomu, akatoka. Hakuuliza wagombea wengine ni akina nani. Mimi sikumwambia. Nimeliungama jambo hilo kwa padri, naye, kwa kuwa ni mkazi wa Saint-Théotime, alicheka hadi nikamsikia akigonga kichwa ndani ya kile kibanda chake.

Saa kumi na nusu nilifunga mlango, nikasimama mbele ya viti vitupu na kutangaza, kama sheria inavyotaka, kwamba Fernand Lacharité amechaguliwa kuwa meya bila kupingwa. Kisha nikapiga simu kwake. Akapokea mkewe, Ghislaine.

"Solange, kama ni utani, leo si siku yake. Nina sufuria ya tufaha jikoni."

"Si utani, Ghislaine."

Halafu nikamsikia akipaza sauti kuelekea zizini.

"Fernand! Umefanya nini huko ofisini?"

"Nimepeleka barua!"

"Barua gani hiyo inayomfanya mtu meya?"

Kilichofuata kutoka zizini siwezi kukiandika chote. Huku kwetu mtu akitukana hutaja vyombo vya kanisani, na Fernand alianza na kikombe cha misa, akapita altareni, na nilipokata simu alikuwa amefika kwenye kabati la padri.

*

Kwa kikao chake cha kwanza alivaa suti aliyoivaa kwenye harusi ya binti yao. Hoja ya kwanza kwenye karatasi, aliyoiweka mwenyewe, ilikuwa kalavati la Safu ya Nne. Aligonga meza.

"Waheshimiwa, tusizunguke. Tunaliweka au hatuliweki?"

Rosaire aliinua kidole. "Bwana Meya, hilo kalavati liko mbele ya shamba la nani?"

"La kwangu. Umepita hapo maisha yako yote."

"La kwako. Basi una maslahi. Inabidi utoke nje."

Fernand alinitazama mimi. Nikafungua kitabu, ingawa ukurasa nilikuwa naujua kwa moyo. "Ni kweli, Bwana Meya. Mwenye maslahi anatangaza maslahi yake, anatoka chumbani, wala haruhusiwi kusikiliza mjadala."

"Lakini ndilo lililonileta humu!"

"Ndiyo maana," alisema Rosaire.

Fernand akatoka na suti yake, akaketi kwenye korido, kwenye benchi fupi la watoto wa maktaba, chini ya makoti yetu.

Chumbani walibaki sita. Kwa miaka kumi na mmoja walikuwa wamelikataa kalavati hilo kwa ubahili. Sasa walikuwa na sababu bora zaidi, na ilionekana wazi kwamba waliifurahia.

"Tukiliweka sasa, watu watasema nini?" alisema mmoja.

"Watasema kaingia leo, kesho kajitengenezea barabara," alisema mwingine.

"Tumlinde na midomo ya watu," alisema Rosaire kwa huruma. "Tuahirishe."

Niongeze hapa, kwa kuwa nilikuwepo, kwamba enzi za Conrad, Rosaire mwenyewe alitoka nje mara mbili kwa sababu ya maslahi, na mara zote mbili aliporudi alikuta amepata lami. Lakini hilo halikuwa kwenye hoja za siku.

Waliahirisha kwa kauli moja. Nikaenda kumwita Fernand. Aliingia akitazama uso wa huyu na wa yule, kama mtu anayetafuta habari kwa daktari.

"Mmesemaje?"

"Tumeahirisha, Bwana Meya," nilisema. "Na ni wewe unayepaswa kuusomea umma uamuzi."

Akausoma. Umma siku hiyo ulikuwa wajane wawili waliokuja kwa sababu ukumbi una joto.

Wiki iliyofuata alikuja kusaini makaratasi, akakuta juu ya rundo barua ya Oktoba kutoka kwa bwana Fernand Lacharité wa Safu ya Nne. Aliigeuza, akaigeuza tena.

"Hii lazima ijibiwe?"

"Ndani ya siku sitini. Na sasa jibu linasainiwa na meya."

"Nitamjibu kwa adabu, kama mwanadamu." Alichukua karatasi, akaandika mistari mitatu, akaikunja. Akachukua nyingine. Alitaka kuandika kwamba litawekwa, lakini hakuwa na mamlaka ya kuahidi. Alitaka kuandika kwamba halitawekwa, lakini baraza halikuwa limesema hivyo. Alitaka kuandika kwamba anasikitika, nikamwambia kuwa mwanasheria wetu hataki neno hilo.

"Hakuna sentensi nyingine, Solange?"

"Kwa miaka kumi na tisa nimeitafuta."

Basi akasaini ileile ya siku zote, akalamba bahasha mwenyewe. Siku mbili baadaye Ghislaine aliitoa kwenye sanduku la barua barabarani, akaisoma kwa sauti wakati wa supu ya njegere, kisha akaibandika kwenye mlango wa friji.

"Inasema unalifanyia kazi," alimwambia.

"Najua inachosema."

"Nilitaka tu kuona uso wako."

*

Majira ya baridi yalimbadilisha. Fernand aliyekuwa akiingia ofisini kwangu na hasira moja safi, sasa aliingia na hasira za watu mia saba, na hakuna hata moja iliyokuwa yake. Walimkamata mlangoni mwa kanisa, walimkamata kwenye uwanja wa hoki, mmoja alimkamata msalani kwenye duka la ushirika na kumweleza habari za mfereji wake tangu mwanzo hadi mwisho. Alianza kutembea haraka. Alianza kusema "kwa utaratibu" na "tunalitazama kwa upana wake." Siku moja nilimsikia akimwambia mkulima mwenye haki kabisa, "Asante, kuna swali jingine?" na walikuwa wawili tu, ndani ya gari la mizigo lililoegeshwa chini ya dirisha langu.

Kila mwezi aliliweka kalavati kwenye hoja, kila mwezi alitoka nje, kila mwezi alirudi kusoma kwamba limeahirishwa. Nilimwekea mto kwenye lile benchi.

Februari, Ghislaine Fréchette alikuja kikaoni. Huku mwanamke hukaa na jina la baba yake hata akiolewa, na siku ile ilisaidia kidogo heshima ya muhtasari wangu. Ni mwanamke mwembamba, mwenye mikono mirefu, anayekamua ng'ombe kwa mashine lakini anawaaga jioni mmoja mmoja kwa majina. Alivua glavu, akasimama.

"Jina na anwani, tafadhali," nilisema, kwa sababu lazima.

"Ghislaine Fréchette. Safu ya Nne, nyumba ya bati jekundu, chumba kimoja na meya."

Wajane wawili walifufuka.

"Nina swali. Barabara mbele ya nyumba yangu imeshuka kiasi kwamba nikiegesha gari naona paa tu. Dereva wa maziwa ananiambia akifika pale anafungua mlango kabisa, ili aruke likianguka. Namuuliza meya: lini?"

Fernand alifungua mdomo. Rosaire akainua kidole.

"Maslahi," alisema Rosaire.

Fernand akafunga mdomo, akainuka, akatoka.

Ghislaine alikitazama kile kiti kitupu. "Mimi nimekuja kumuuliza meya. Meya yuko wapi?"

"Yuko kwenye korido, Bibi Fréchette," nilisema.

"Vizuri. Nitamuulizia hukohuko."

Akatoka na kufunga mlango. Mlango wetu ni wa mbao nyembamba. Baraza zima lilikaa kalamu mikononi, likisikiliza.

"Miaka kumi na mmoja nimekula chakula na kalavati mezani. Ukaniambia, niwe meya utaona. Nimeona! Sasa hata kulalamika huwezi. Zamani angalau ulikuwa unalalamika, Fernand. Nilikuwa na mume anayelalamika. Sasa nina nini?"

"Usipaze sauti, wanasikia."

"Wasikie! Si wanalifanyia kazi?"

Rosaire aliinamia karatasi zake. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, shingo yake ilikuwa nyekundu. Lakini hoja iliahirishwa.

*

Aprili ikaja kwa pupa. Siku tatu za mvua ya vuguvugu juu ya theluji, na asubuhi ya Jumanne barafu ya mto Noire ikapasuka kwa mlio kama wa ghala linaloanguka. Ilishuka hadi kwenye kona chini ya kanisa, ikajibana pale, vipande vikubwa kama meza za kulia vikipandiana. Nyuma yake maji yakakosa pa kwenda, yakarudi juu kwenye vijito.

Saa kumi na mbili asubuhi kalavati la Safu ya Nne likaondoka. Ghislaine alikuwa dirishani. Alisema barabara ilishusha pumzi, ikaketi, kisha haikuwepo. Ilibaki korongo lenye upana wa trekta mbili, maji ya kahawia yakikimbia katikati. Fernand alikuwa amevuka dakika kumi tu kabla, kwenda kuutazama mto. Alikuwa upande wa kijiji. Mkewe, ng'ombe arobaini na wanane na tangi la maziwa lililojaa walikuwa upande wa pili.

Kabla hatujamaliza kulia na hilo, Rosaire alifika kwenye ua wa manispaa na gari lake, matope hadi kwenye vioo. Kalavati la Safu ya Pili nalo lilikuwa limekwenda, lile la chini ya lami yake nzuri, hatua chache baada ya lango lake.

Hapo nikafungua tena kitabu. Kuna kifungu kimoja kinachompa meya nguvu ya mfalme: maji yakihatarisha watu, anaweza kuagiza kazi ifanyike papo hapo, kwa sahihi yake peke yake.

"Bila kikao?" aliuliza Fernand.

"Bila kikao."

"Na bila kutoka nje?"

"Uko nje tayari, Fernand. Unanyeshewa."

Akanyoosha mkono achukue kalamu. Ndipo Yvon, aliyekuwa ameegemea greda lake, akakohoa.

"Bwana Meya, bomba ni moja."

Tuliligeukia sote. Lilikuwa limelala kando ya rundo la chumvi ya barabarani, bomba moja la plastiki nyeusi, kubwa kiasi cha mtu kupita ameinama. Lingine lingetoka mjini, na mjini siku hiyo kila manispaa ya mto ilikuwa ikipiga simu.

Safu ya Nne, baada ya korongo, kuna nyumba ya Fernand na kibanda cha watu wa Montréal ambao huja Julai. Safu ya Pili kuna kaya saba. Katika moja yao anaishi Mariette Houle, ambaye hupelekwa hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu kwa sababu figo zake zimeacha kazi. Mara ya mwisho ilikuwa Jumatatu. Zamu yake nyingine ilikuwa kesho yake.

Rosaire alijua tunachofikiri. Alisimama mvuani, kofia imemlowa. Hakuinua kidole.

Fernand alitembea hadi mwisho wa ua, akampigia mkewe. Upepo ulikuwa unakuja kwetu, tukasikia upande wake wote.

"Bomba ni moja... Ndiyo, na Safu ya Pili... Mariette, ndiyo. Kesho... Najua. Najua, Ghislaine. Nakuuliza wewe." Kisha akasikiliza, akifuta maji usoni. "Sijui kama nakuuliza kama meya au kama mume. Sijui tena. Niambie tu."

Alirudi akipangusa simu kwenye suruali, ingawa suruali ilikuwa imelowa zaidi ya simu.

"Amesema nini?" niliuliza.

"Amesema kama ningelazimika kuuliza mara ya pili angeniacha. Yvon, washa. Safu ya Pili."

Alisaini juu ya boneti ya gari, na wino ukachuruzika, kiasi kwamba amri ya kwanza na ya pekee ya dharura katika historia yetu inaonekana kama imesainiwa na pweza.

Kufikia jioni watu wa Safu ya Pili walikuwa wanapita. Jumatano asubuhi Mariette Houle alikwenda hospitali, akalalamika njia nzima kwamba changarawe zinarukaruka.

Fernand alilala kwetu siku mbili, hadi maji yalipopungua kiasi cha Yvon kulaza ngazi ya alumini juu ya korongo. Siku hizo mbili alikuja kila asubuhi ukingoni, na Ghislaine akaja ukingoni kwake, wakapigizana kelele juu ya maji: yupi amezaa, yupi ana homa, soksi safi ziko wapi. Watu walianza kupita hapo na kahawa zao kutazama. Jumatano hiyohiyo tangi lilikuwa limejaa pomoni, na hakuna lori lililoweza kufika. Ghislaine alifungua koki ya tangi. Maziwa ya siku mbili yakashuka mtaroni na kuingia kijitoni, meupe, mengi, yakachora mstari mrefu kwenye maji ya matope kuelekea mtoni. Fernand aliutazama mstari huo. Kisha akavua kofia, kama tunavyofanya gari la maiti linapopita.

Alhamisi alikuja mhandisi wa serikali, kijana wa watu, mpole, mwenye buti mpya. Safu ya Pili aliisifu: amri iliandikwa, kwa hiyo ingeingizwa kwenye mpango wa maafa na kupata kalavati la zege. Safu ya Nne alipiga picha nyingi.

"Hapa hakukuwa na amri," alisema.

"Hapa hakukuwa na bomba," alisema Fernand.

"Naelewa. Lakini bila amri hapa si maafa, ni uchakavu. Na kuna samaki." Alionyesha kijito. "Samaki mdogo, wa madoadoa. Lazima utafiti ufanyike kwanza. Miezi kumi na minane, tukiharakisha."

"Na maziwa yangu kwa miezi kumi na minane?"

Mhandisi aliandika kitu kwenye daftari. "Nitalifikisha suala hili," alisema, na niliona Fernand akimtazama, si kwa hasira, bali kwa huruma, kama askari mzee anavyomtazama aliyeingia jeshini jana.

*

Jumamosi nilikuwa napika wakati trekta zilipoanza kupita mbele ya nyumba yangu. Nilihesabu sita. Ya mwisho ilikuwa ya Rosaire, na nyuma yake ilikokota tangi refu la chuma alilokuwa akiwekea samadi ya nguruwe, limekatwa ncha zote mbili kwa moto. Yvon alikuwa juu ya katapila la manispaa, ambalo siku za mapumziko haliruhusiwi kutoka uani. Nilizima jiko, nikavaa buti na kuwafuata.

Nilipofika walikuwa wameshalishusha korongoni. Fernand alisimama ukingoni, mikono inaning'inia.

"Hii hairuhusiwi," alisema. "Rosaire, hakuna kibali. Hakuna hoja. Mimi ndiye meya, siwezi kuona hivi."

"Basi usione. Geukia kule."

"Kwa nini unafanya hivi?"

Rosaire alikuwa anapiga changarawe kwa sepeto, anahema. "Usianze kunishukuru. Ukinishukuru watu watasema nimehongwa."

"Lakini Rosaire..."

"Mariette Houle ni dada yangu wa mama mmoja, bwana we! Unataka nilie hapa mbele ya watu? Shika sepeto."

Fernand alishika sepeto. Walifanya kazi hadi saa nane mchana, watu kumi na wawili na trekta sita, udongo kutoka shimo la changarawe alilo nalo Fernand upande wa kijiji, mawe kutoka kingo za mashamba. Tangi lilikuwa linanuka vibaya sana, na kila mtu alikuwa na la kusema juu ya samaki wa madoadoa na kile watakachokula sasa. Ghislaine alileta sufuria kubwa ya maharage yaliyookwa na mafuta ya nguruwe, akaivusha kwenye ngazi kwa mara ya mwisho, akiwatukana wote kwamba wamechelewa miaka kumi na mmoja na bado wanataka mkate. Mimi nilikula sahani mbili. Sikuwa na daftari, wala sikuandika chochote.

Lori la maziwa lilifika siku hiyohiyo kabla ya saa kumi. Dereva alisimama juu, akashuka, akaenda kuchungulia ile ncha ya chuma iliyotokeza kando ya barabara, maji ya kijito yakipita ndani yake kwa utulivu.

"Hili ni kalavati gani?" aliuliza.

Kila mtu alikuwa anatafuta glavu zake.

"Litabeba?"

"Pita tuone," alisema Ghislaine.

Dereva alipanda. Aliacha mlango wazi. Magurudumu ya mbele yakaingia juu ya udongo mpya, ukashuka kiasi cha kidole, ukashika. Fernand alikuwa amebana mkono wa mkewe hadi akamwambia amwachie, anaumia. Magurudumu ya nyuma yakapita. Dereva akafunga mlango, akapanda kilima hadi zizini, na Ghislaine akamfuata mbio ili akamfungulie tangi.